Ubingwa Usiotetewa

Usiku ule nilikuwa natafuta jina moja tu. Nilikuwa nimefungua msimamo wa W-League wa mwaka 2011, ligi ya wanawake ya Marekani iliyokuwa chini ya ile ya kulipwa, nikitaka kuona bingwa wa 2010 alivyoutetea ubingwa wake. Nikapitia makundi yote. Nikarudi juu na kuanza upya, safari hii taratibu, jina kwa jina.

Buffalo Flash hawamo.

Hawakuwa wameshuka daraja, maana ligi ile haikuwa na daraja la kushukia. Timu iliyomaliza msimu wa 2010 bila kupoteza mechi, kisha ikawafunga Vancouver Whitecaps 3-1 kwenye fainali, haikuonekana tena kwenye orodha mwaka uliofuata. Ilicheza W-League misimu miwili tu, 2009 na 2010. Ikachukua kombe, ikaondoka.

Ingekuwa imekufa, ningesikitika kidogo na kuendelea na mambo yangu. Klabu za wanawake zinakufa kila siku na sisi tunaofuatilia tumeshazoea, jambo ambalo lenyewe ni la kusikitisha. Lakini hii haikufa. Ilipanda. Na kupanda kwake ndiko kulikonikaa kichwani wiki hizi zote, mpaka nimeona bora niandike.

Majira mafupi ya joto

Maisha ya klabu ya W-League yalikuwa mafupi kila mwaka, hata kwa zile zilizodumu. Msimu ulianza Mei na kumalizika Julai, au mwanzoni mwa Agosti kwa waliofika mbali. Ratiba yote ilibanwa na chuo. Wachezaji wengi walikuwa wanafunzi, na soka la vyuo vikuu vya Marekani huanza Agosti na kwenda hadi Desemba. Klabu iliwapata mabinti hawa masomo yakifungwa, ikawaachia kabla kocha wa chuo hajapiga kipenga cha mazoezi ya kwanza.

Na wengi hawakulipwa. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilitaka mchezaji wa chuo abaki kuwa wa ridhaa. Akipokea mshahara wa soka, nafasi yake chuoni imepotea. Kwa hiyo kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo ungeweza kukuta mwanafunzi wa miaka 19, mwenzake aliyemaliza chuo na ana kazi yake mchana, na mchezaji wa timu ya taifa ya nchi nyingine aliyekuja kujiweka fiti. Wageni walilala kwa familia zilizojitolea kuwapokea. Mechi zilichezwa kwenye viwanja vya shule na vyuo, mbele ya watu wachache wanaojuana.

Ligi hii isidharauliwe kwa sababu hiyo. WUSA, ligi ya kwanza ya kulipwa, ilifungwa Septemba 2003 siku chache kabla ya Kombe la Dunia lililofanyika hukohuko Marekani. Kuanzia hapo hadi WPS ilipoanza 2009, nchi yenye timu ya taifa tishio duniani haikuwa na ligi ya kulipwa hata moja. Miaka yote hiyo W-League na mwenzake WPSL ndizo zilizoubeba mchezo. Christine Sinclair, aliyestaafu akiwa na mabao 190 ya kimataifa, idadi ambayo hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kuifikia, aliichezea Vancouver Whitecaps humo. Daraja la chini lilikuwa la chini kwa karatasi tu.

Buffalo Flash waliingia humo 2009 wakiwa timu ya familia kwa maana kamili. Mmiliki alikuwa Joe Sahlen, wa kampuni ya nyama na soseji iliyoanzishwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1869. Binti yake Alexandra alikuwa beki wa timu na pia kiongozi wake. Mume wa Alexandra, Aaran Lines, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya New Zealand, ndiye aliyekuwa kocha.

Nikisoma mpangilio huo huwa sicheki. Soka la wanawake lingesubiri bodi za wakurugenzi na wawekezaji wakubwa, lingekuwa linasubiri mpaka leo.

Mabingwa wawili wa mwaka mmoja

Vuli ya 2010 ndiyo iliyonifanya niache kusoma na kuanza kufikiri.

Septemba mwaka ule FC Gold Pride ya California ilitwaa ubingwa wa WPS, ligi ya juu. Marta alikuwemo, akiwa ndiye mchezaji bora wa dunia mara nne mfululizo na akielekea mara ya tano. Sinclair alikuwemo pia. Sikumbuki timu nyingi za klabu za wakati ule zilizocheza kwa ubora ule. Novemba, wiki chache baada ya kunyanyua kombe, klabu ikavunjwa. Hela hakuna.

Huku chini, Buffalo Flash nao walikuwa mabingwa. Nao hawakurudi kwenye ligi yao. Familia ya Sahlen iliingia WPS kwa msimu wa 2011, ikahamisha maskani kutoka Buffalo kwenda Rochester, mwendo wa kama saa moja na kitu kwa gari, na timu ikaitwa Western New York Flash.

Kwa hiyo mwaka 2010 soka la wanawake la Marekani lilikuwa na bingwa wa juu na bingwa wa chini, na ilipofika majira ya kuchipua 2011 hakuna hata mmoja aliyekuwepo kutetea taji lake. Mmoja aliishiwa fedha. Mwingine alikuwa nazo.

Halafu vitu viwili hivi vikaungana. Marta, ambaye klabu yake ya kwanza Marekani, Los Angeles Sol, ilikuwa imefungwa Januari 2010 baada ya msimu mmoja, na ya pili ikafungwa Novemba ya mwaka huohuo, alisaini Western New York Flash. Sinclair pia. Kwenye zoezi la kugawana wachezaji wapya kutoka vyuoni, Flash waliokuwa na chaguo la kwanza wakamchukua Alex Morgan. Mabaki ya bingwa aliyekufa yakamimina nguvu kwa bingwa aliyepanda.

Agosti 2011 walicheza fainali nyumbani Rochester dhidi ya Philadelphia Independence, uwanja ukiwa na watu zaidi ya 10,000. Sinclair alifunga, dakika 120 zikaisha 1-1, na kipa wao Ashlyn Harris akapangua penalti ya mwisho. Mabingwa wa Marekani, mwaka mmoja tu baada ya kucheza na wanafunzi wa likizo.

Na wale wa 2010?

Hapa ndipo shaka yangu ilipoanzia.

Kwenye mfumo tuliouzoea wengi wetu, timu ikipanda daraja, wachezaji walioipandisha wanapanda nayo. Sio wote watadumu, kila mtu analijua hilo. Usajili wa dirisha la kwanza utawaweka nusu yao benchi. Lakini kuna siku ya kwanza ya msimu mpya ambapo yule kiungo aliyecheza na kifundo kilichofungwa bandeji kwenye matope anaingia uwanja mkubwa kwa haki yake mwenyewe. Alama alizozitafuta ndizo zilizomfikisha.

Flash hawakupandishwa na alama. Wangemaliza wa pili au wa nne mwaka 2010, mlango wa WPS ungekuwa wazi vilevile, mradi mmiliki ana fedha na ligi inahitaji timu. Na ligi ilikuwa inahitaji timu sana. Ushindi ule wa 3-1 ulikuwa sifa, haukuwa tiketi.

Wachache walivuka na klabu. Wengi hawakuweza kuvuka hata kama wangetakiwa: mwanafunzi aliyebakiza miaka miwili ya chuo hawezi kusaini mkataba wa kulipwa bila kuacha soka la chuo. Wengine hawakuwa na kiwango cha kumsukuma Marta pembeni, na nani duniani alikuwa nacho? WPS ya 2011 ilikuwa na timu sita. Sita kwa nchi nzima, kila moja na wachezaji ishirini na kitu. Hesabu hiyo inawaacha nje mamia ya wanawake wanaojua mpira.

Nimejaribu kujibishana na nafsi yangu kwenye hili. Mtu anaweza kuniambia kwamba mchezaji wa daraja la chini hahitaji klabu ya kudumu; anahitaji majira mamoja mazuri ya joto, kocha mzuri, mechi ngumu, na kombe la kuwaonyesha wanawe. Buffalo Flash iliwapa vyote hivyo. Kwa mwanafunzi wa miaka 19 hoja hiyo inasimama. Ana chuo cha kurudi, ana msimu mwingine Agosti, na kiangazi kijacho ataitwa na klabu nyingine.

Haisimami kwa mwenye miaka 24. Huyu amemaliza chuo. Hakuchaguliwa na timu ya kulipwa, au alichaguliwa akakatwa kwenye mazoezi ya awali. Bado anakua kisoka, kwa sababu mabeki na makipa wengi wanaiva wakiwa wamevuka miaka hiyo. Kwake daraja la chini ndilo darasa pekee lililobaki, na linahitaji kuwepo mwaka huu, na mwakani, na mwaka utakaofuata, mahali palepale, na kocha yuleyule anayejua mguu wake wa kushoto una tatizo gani. Klabu yake ikiondoka kwenda juu bila yeye, amepoteza kitu kilekile ambacho angepoteza kama ingekufa.

Ngazi isiyokuwepo

Wamarekani hawana kupanda na kushuka daraja kwenye ligi zao kubwa. Hilo kila mpenda michezo analijua. Ambalo mimi sikuwahi kulitafakari ni kile linachokifanya kwa klabu iliyo chini.

Klabu ya daraja la nne Uingereza inaweza kubadilisha mmiliki mara tatu na bado ikaamka Jumamosi na mechi ya kucheza, kwa sababu kinachoibakiza hai ni nafasi yake kwenye ngazi. Nafasi ile ina thamani. Mtu atainunua, mashabiki watachanga, mji utapiga kelele. Kuna kitu cha kupoteza na kitu cha kutafuta, na vyote viwili havimo mfukoni mwa mtu mmoja.

W-League haikuwa na ngazi. Bingwa alipata kombe na msimu mwingine wa palepale. Kwa hiyo kila klabu iliishi kwa muda uleule ambao mtu mmoja, au familia moja, iliendelea kuipenda na kuimudu. Angalia waliotwaa ubingwa miaka ya mwisho ya ligi ile. Pali Blues ya California ilianzishwa 2008, ikachukua kombe mwaka uleule na mwaka uliofuata, ikachukua tena 2013, ikachukua 2014 kwa jina la LA Blues, na 2015 haikuwepo. Mataji manne kwa misimu saba, kisha kimya. Whitecaps waliofungwa na Buffalo kwenye fainali ya 2010 walikuwa na mataji mawili ya W-League, na Desemba 2012 klabu ikaivunja timu ya wanawake huku ya wanaume ikiendelea kucheza MLS, ligi kuu ya wanaume. Novemba 2015 ikatangazwa kwamba W-League yenyewe haitachezwa tena.

Ukisoma orodha ile unaona kwamba kushinda hakukuwa kinga. Sehemu nyingine za mchezo huu timu mbovu ndizo hupotea. Hapa walipotea mabingwa.

Walipoanguka

Nilikuwa karibu kuhitimisha kwamba kupanda kwa Flash kulikuwa hasara tupu. Kilichonizuia ni mwaka 2012.

Januari ile WPS ilisimamishwa ikiwa katikati ya mgogoro wa kisheria na mmiliki wa klabu mojawapo, na Mei ikavunjwa rasmi. Bingwa wa 2011 akajikuta hana ligi. Marta akaenda Sweden, Tyresö, klabu ambayo nayo ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2014 na kusambaratika kifedha mwaka uleule. Inaniuma kuandika sentensi hiyo. Mchezaji bora wa kizazi kizima, na klabu zikiendelea kuzama chini ya miguu yake katika mabara mawili.

Flash wangeweza kufunga duka, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walishuka. Pamoja na Boston Breakers na Chicago Red Stars waliingia WPSL Elite, ligi ya timu nane iliyoundwa haraka kuokoa msimu, ambamo klabu zilizokuwa za kulipwa juzi zilicheza na klabu kama New England Mutiny na FC Indiana ambazo maisha yao yote yalikuwa ya daraja hilo. Flash wakalibeba kombe la ligi hiyo nalo.

Kilichowawezesha kushuka bila kufa ni kwamba walikuwa wanajua maisha ya chini yalivyo. Walishasafiri kwa bajeti ndogo. Walikuwa na viwanja vya mazoezi na kocha aliyewahi kujenga kikosi cha wanafunzi na wageni. Misimu miwili ya Buffalo, ile niliyoidhania imefutika, ndiyo iliyowashikilia ligi ya juu ilipovunjika. Los Angeles Sol na FC Gold Pride, zilizozaliwa juu moja kwa moja, hazikuwa na kitu cha namna hiyo chini yao. Saint Louis Athletica haikumaliza hata msimu wake wa pili. Ilivunjwa Mei 2010 ligi ikiwa inaendelea, na wachezaji wakatafuta pa kwenda.

Hapo nikaacha kuiita hasara tupu. Mwaka 2013 NWSL, ligi mpya ya kulipwa, ilipoanza, mashirikisho ya soka ya Marekani, Canada na Mexico yakilipa mishahara ya wachezaji wa timu za taifa, Flash walikuwa miongoni mwa klabu nane za kwanza. Mshahara wa chini kabisa msimu ule ulikuwa dola 6,000. Abby Wambach, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Marekani, alirudi kucheza kwao Rochester. Walimaliza vinara wa ligi na kuandaa fainali, wakafungwa na Portland Thorns 2-0.

Klabu ya Buffalo ya 2009 ilikuwa imeishi kupitia ligi nne kwa miaka mitano. Ligi zilikuwa zinakufa, yenyewe ipo.

Dakika ya 124

Fainali ya NWSL ya 2016, Houston. Kama hujawahi kuiona, itafute uitazame yote.

Flash waliingia mchujo wakiwa wa nne, nafasi ya mwisho. Nusu fainali waliifunga Portland kwao 4-3 baada ya dakika za nyongeza. Fainalini Crystal Dunn aliifungia Washington Spirit mapema, Samantha Mewis akasawazisha, na mwanzoni mwa dakika za nyongeza Dunn akafunga tena. Muda ukaenda. Dakika 120 zikapita. Dakika ya 124 Jessica McDonald akapiga krosi, Lynn Williams akapaa na kuunganisha kwa kichwa. 2-2. Kwenye matuta kipa Sabrina D'Angelo akawa ukuta, na Western New York Flash wakawa mabingwa wa Marekani kwa ligi ya nne tofauti.

Januari 2017 haki ya kushiriki ligi ikauzwa. Mnunuzi alikuwa Stephen Malik, mmiliki wa klabu ya wanaume huko North Carolina. Timu ikahamia Cary, ikaitwa North Carolina Courage, na wengi wa waliocheza Houston wakaenda nayo. Courage wakawa moto: vinara wa ligi 2017, 2018 na 2019, mabingwa 2018 na 2019. Kikosi kilichojengwa Rochester kilikuja kutawala kikiwa na jezi nyingine.

Nikafungua msimamo wa NWSL wa 2017, na hapo ndipo niliposimama nikaandika mataji yote kwenye karatasi, moja chini ya jingine.

W-League 2010: klabu iliondoka kwenye ligi.

WPS 2011: ligi ilivunjika.

WPSL Elite 2012: ligi ilichezwa msimu mmoja tu, haikurudi.

NWSL 2016: klabu iliuzwa.

Mataji manne ndani ya miaka saba, na hakuna hata moja walilopata nafasi ya kulitetea. Sijui klabu nyingine yoyote ya soka yenye historia ya namna hiyo. Sio kwamba walishindwa kutetea. Kila walipofika kileleni, mwaka uliofuata hapakuwa na mechi ya kwanza ya bingwa mtetezi, ile siku mashabiki wanapovaa jezi yenye nyota mpya na wapinzani wanapokuja na hasira.

Mfuko na mapenzi

Nimesoma watu wakiwalaumu akina Sahlen kwa mauzo yale. Mimi siwezi.

Walibeba timu tangu msimu wa 2009 hadi mwisho wa 2016, wakati ligi mbili zilizokuwa zinawazunguka zilivunjika na wenye fedha nyingi kuliko wao walikimbia. Waliweka jina la kampuni yao kwenye uwanja wa Rochester. Ligi ilikuwa inakua kuelekea wamiliki wenye klabu za wanaume, viwanja vyao na wafanyakazi wa ofisi nzima, na Rochester ilikuwa mji mdogo kuliko wapinzani wengi wa NWSL. Familia moja haiwezi kushindana na mwelekeo huo daima. Walipewa nafasi ya kuiuza kwa mtu aliyethibitisha baadaye kwamba anaijali timu, na wakaiuza.

Ninachokataa ni uamuzi wa namna hiyo kuwa wa familia peke yake. Kwenye meza ile hapakuwa na kiti cha Buffalo, hapakuwa na kiti cha Rochester, hapakuwa na kiti cha wachezaji wa 2009 na 2010 waliouanzisha moto. Haki ya kushiriki ligi ilikuwa mali, na mali huuzwa na mwenye mali. Klabu ya daraja la chini inapopanda kwa fedha za mtu mmoja, inabaki kuwa ya mtu huyo hata ikiwa na watu 10,000 jukwaani.

Tena ni wanawake ndio wanaolipa zaidi bei ya mpangilio huu. Wanaume wa Marekani nao hawana kupanda na kushuka, lakini MLS imedumu tangu 1996. Ikihama timu moja, ligi ipo. Wachezaji wa Flash walihamishwa ligi, mji na jina, huku kalenda ya maisha yao ya soka ikienda mbele bila kuwasubiri.

San Jose walichopata

Mwaka 2005 ulipoisha, timu ya wanaume ya San Jose Earthquakes ilihamishiwa Houston na kuwa Houston Dynamo. Wachezaji na kocha walikwenda. Lakini ilikubaliwa kwamba jina, rangi, nembo na rekodi zibaki San Jose. Dynamo wakaanza upya na kushinda ubingwa wa 2006 na 2007 kwa jasho lao. Earthquakes waliporudi uwanjani 2008 na kikosi kipya, mataji ya 2001 na 2003 yalikuwa yao bado.

Hiki ndicho ninachotaka kiandikwe kwenye kanuni za kila ligi ya wanawake, ya juu na ya chini, kabla haki yoyote haijauzwa: kwamba mnunuzi ananunua nafasi na mikataba, hanunui miaka ya watu. Na niongeze kwamba anayeuza alazimike kuacha timu hai nyuma yake, hata ya daraja la chini kabisa, kwa misimu kadhaa, ikigharamiwa na sehemu ya fedha za mauzo. Gharama ya msimu mmoja wa timu ya ridhaa ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nafasi kwenye ligi ya juu, na bei hiyo imepanda mara nyingi tangu 2017.

Kwa sehemu, akina Sahlen walifanya hivyo bila kulazimishwa na mtu. Jina la Flash halikwenda North Carolina. Lilibaki na akademi ya vijana huko magharibi mwa New York, na likaonekana tena kwenye United Women's Soccer, ligi ya ridhaa iliyoanza 2016 baada ya W-League kufungwa. Wasichana wa chuo, majira ya joto, safari za basi.

Mwaka 2022 jina la W League lenyewe likafufuliwa na USL, shirika lililoendesha ile ya zamani, likaanza na timu 44. Nimefurahi kuliona. Klabu nyingi kati ya hizo zina wamiliki walewale wa aina ileile: mfanyabiashara wa mjini, familia, kikundi cha marafiki wanaopenda mpira. Zitakuwepo zitakazodumu na zitakazokaa misimu miwili. Kwa zitakazopanda, swali la kuwauliza wamiliki si kama wana fedha. Waulizwe ni timu gani itacheza kwenye uwanja wa zamani Mei inayofuata, na nani ataifundisha.